Namna ya Kutunga Jazz ya Tarumbeta Juu ya Besi ya Karne ya 17: Mwongozo Kamili

Hapa Tabora tarumbeta si chombo kigeni. Wengi wetu tulilishika kwanza kanisani, kwa kuwa Wamoraviani wana desturi ya kupiga matarumbeta kwaya nzima tangu karne ya 18, na wengine walilijua kwenye magari ya harusi yanayozunguka mji mchana kutwa. Pia tuna urithi wa bendi za dansi zilizojiita Jazz, kama Tabora Jazz iliyovuma miaka ya 1970, ingawa muziki wake ulikuwa dansi ya magitaa yenye vyombo vya kupuliza pembeni, wala haukuwa jazz kwa maana ya Wamarekani. Kwa hiyo mpulizaji wa Tabora anayetaka kutunga jazz iliyochota katika muziki wa klasiki wa Ulaya ana mahali pa kusimama. Kinachomsumbua kwa kawaida ni kwamba hajui achote nini.

Wengi huchota sauti kuu ya wimbo maarufu wa klasiki, wakauwekea dramu na gitaa la besi, wakaridhika. Mimi nilifanya hivyo mara tatu, na mara zote tatu wasikilizaji walitabasamu kwa sababu wimbo waliutambua, kisha wakaendelea na mazungumzo yao. Sauti kuu ya mtu mwingine ni kama koti la kuazima, ambalo hata likikutosha kila mtu anajua si lako. Mwongozo huu unapendekeza kitu kingine, nacho ni kuchukua mifupa ya utunzi wa kale, yaani kanuni inayouendesha kwa ndani, kisha kuivika nyama yako mwenyewe. Nitafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sol-fa tuliyozoea kwenye kwaya, ili ukimaliza kusoma uwe na kipande cha dakika tano na nusu unachoweza kukifanyia mazoezi.

Kusikiliza kabla ya kuandika

Tenga wiki moja ya kusikiliza tu, na usisikilize mambo mengi. Vipande vitatu vinatosha.

Cha kwanza ni konserto ya tarumbeta ya Joseph Haydn, yaani utunzi wa chombo kimoja kikiongoza okestra, aliyoiandika mwaka 1796 kwa ajili ya Anton Weidinger, mpulizaji wa Vienna. Kabla ya hapo tarumbeta lilikuwa bomba tupu lisilo na vali, na liliweza kupita nota kwa nota katika sauti za juu peke yake. Huko chini lilirukaruka tu. Weidinger alikuwa na tarumbeta lenye matundu yanayofunguliwa kwa vidole, na Haydn akaitumia nafasi hiyo kuandika sauti laini inayotembea taratibu katika eneo la chini na la kati. Vali tunazozijua leo zilipata hataza mwaka 1818, Haydn akiwa ameshafariki. Sikiliza sehemu ya pili, ile ya polepole, na uangalie jinsi tarumbeta linavyoimba bila kupiga kelele. Sifa hiyo ndiyo tutakayoihitaji.

Cha pili ni sehemu ya polepole ya konserto ya gitaa ya Joaquín Rodrigo iitwayo Concierto de Aranjuez, ya mwaka 1939, kwanza kama alivyoiandika yeye, kisha kama Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazz wa Marekani, na mpangaji wake Gil Evans walivyoigeuza katika albamu iliyotoka mwaka 1960. Evans aliziondoa violini, akaweka vyombo vya kupuliza, na Davis akaachiwa nafasi pana ya kubuni. Ukizisikiliza zote mbili siku moja utaona kwamba kilichofanya kazi hasa ni ukimya uliowekwa baina ya sauti moja na nyingine.

Cha tatu ni wimbo wa maombolezo ya malkia Dido katika opera ya Henry Purcell, mtunzi wa Uingereza wa karne ya 17. Huko ndiko tutakakochota. Chini ya mwimbaji kuna besi, yaani sauti ya chini kabisa, inayoshuka nusu toni kwa nusu toni, ina urefu wa vipimo vitano (kipimo ni fungu moja la mapigo), nayo inajirudia bila kukoma hadi mwisho, huku mwimbaji akianza na kumaliza sentensi zake pasipo kuujali mwisho wa mzunguko. Besi ya namna hiyo haikuwa mali ya Purcell peke yake, kwa maana watunzi wengi wa Ulaya wa zama hizo waliitumia kwa huzuni. Kwa sababu hiyo unaweza kuitumia bila kunakili wimbo wa mtu. Rodrigo, kwa upande mwingine, alifariki mwaka 1999 na kazi zake bado zinalindwa na hakimiliki; msikilize ujifunze, lakini usimpige jukwaani ukadhani ni mali ya umma.

Kuandika besi

Tutapiga katika ufunguo wa C minor kwa kinanda. Kwa sol-fa, do ni E flat, na besi yetu itashuka hivi: la, se, so, fi, fa, mi. Kwa majina ya kinanda nota hizo ni C, B, B flat, A, A flat, G. Zipange katika vipimo vitano vya mapigo manne manne: la kipimo cha kwanza, se cha pili, so cha tatu, fi na fa zigawane cha nne kwa mapigo mawili mawili, na mi cha tano.

Usiongeze kipimo cha sita ili mambo yawe sawasawa. Masikio yetu yamezoea mizunguko ya vipimo vinne au vinane, na ule upungufu wa hesabu ndio unaofanya muziki uonekane unasonga hata mwendo wake unapokuwa wa polepole.

Juu ya kila nota ya besi weka kodi, nami sisemi ile ya mapato, bali nota kadhaa zinazopigwa pamoja. Kwenye la weka C minor. Kwenye se weka G7 yenye B chini. Kwenye so weka E flat major yenye B flat chini. Kwenye fi weka A minor seventh yenye nota ya tano iliyoshushwa nusu toni. Kwenye fa weka A flat major seventh. Na kwenye mi weka G7. Kodi mbili za kipimo cha nne ndizo zenye ladha ya jazz, nyingine Purcell mwenyewe angezitambua. Mpiga kinanda wa jazz anayesoma majina ya kodi na kujazia vidole atakavyo anafanya kazi inayofanana sana na ile ya wapiga kinanda wa zama za Purcell, ambao walipewa besi yenye tarakimu tu na wakatarajiwa kubuni yaliyobaki. Ukilieleza hilo kwa mpiga kinanda wa kwaya ambaye anaiogopa jazz, hofu yake itapungua sana.

Kabla ya kuendelea, piga besi hiyo kwa tarumbeta lako mwenyewe mara ishirini au zaidi, polepole, mpaka uweze kuiimba ukiwa unatembea kutoka Isevya hadi stesheni. Mpulizaji asiyeibeba besi kichwani atapotea kwenye kipimo cha tano, na hakuna atakayemwokoa.

Kuhamisha ufunguo

Tarumbeta la kawaida ni la B flat, maana yake ukipuliza nota iliyoandikwa C, kwa kinanda husikika B flat. Kwa hiyo karatasi ya mpulizaji huandikwa toni moja juu ya karatasi ya kinanda: kinanda kikiwa C minor, wewe unasoma D minor, na besi uliyoifanyia mazoezi inakuwa D, C sharp, C, B, B flat, A. Saksafoni ya tena nayo husoma D minor, ila alto husoma A minor.

Jambo hili linaonekana dogo, nami nililidharau. Siku moja nilimgawia mpiga kinanda karatasi yangu badala ya yake, tukaanza mbele ya watu tukiwa tumepishana toni nzima, na kwa kuwa muziki ulikuwa wa huzuni na wa taratibu, nusu ya ukumbi ilidhani ndivyo jazz ilivyo. Andika jina la chombo juu ya kila karatasi kwa wino mzito.

Chagua ufunguo huu ukijua pia kasoro zake. Katika D minor utakutana na D ya chini inayopigwa kwa vali ya kwanza na ya tatu, na C sharp ya chini inayopigwa kwa vali zote tatu. Nota hizi mbili hupanda juu ya sauti yake halisi kwenye karibu kila tarumbeta, hasa hiyo ya pili, kwa sababu vali zikiunganishwa urefu wa bomba hautoshi. Sukuma nje mrija wa vali ya tatu kwa kidole kila unapozifikia. Kama mrija umeganda, kama ulivyo kwenye matarumbeta mengi ya zamani yaliyorithiwa, ulainishe kwa grisi mpaka uteleze, kwani bila hivyo kipande hiki kitakusaliti.

Kutunga sauti ya tarumbeta

Hapa ndipo penye kazi hasa, kwa hiyo usiharakishe.

Ukizichunguza kodi zetu zote utagundua kwamba nota moja imo katika kila mojawapo, nayo ni mi, yaani G ya kinanda au A ya tarumbeta. Katika C minor ni nota ya tano. Katika G7 ndiyo mzizi. Katika E flat ni ya tatu. Kwenye fi ni ya saba, na kwenye fa ni ya saba vilevile, ila ya aina nyingine. Nota hiyo ni nguzo ya kati ya nyumba. Ukiishika na kuinyamazia, besi inayoshuka chini yake itaibadilisha rangi yenyewe, nawe hutahitaji kufanya lolote.

Sasa tunga sentensi ya vipimo vinne, si vitano. Kipimo cha kwanza ni mi iliyoshikwa mapigo yote manne. Kipimo cha pili ni mi, fa, mi, re, pigo moja kila nota. Kipimo cha tatu ruka hadi do ya juu, uishike mapigo mawili, kisha ti pigo moja, kisha urudi mi pigo moja. Kipimo cha nne nyamaza kabisa. Kwa tarumbeta nota hizo ni A, halafu A, B flat, A, G, halafu F ya juu, E, A, halafu kimya.

Kwa kuwa sentensi ni ya vipimo vinne na besi ni ya vitano, hazitakutana tena mwanzoni mpaka vipimo 20 vipite, yaani sentensi mara tano na besi mara nne. Ndani ya vipimo hivyo 20 kila kipimo cha sentensi kitakutana na kila kipimo cha besi mara moja. Ile mi ndefu ya kwanza itaangukia nota tofauti ya besi katika kipimo cha 1, cha 5, cha 9, cha 13 na cha 17, na msikilizaji atahisi kwamba umebadilisha kitu ilhali wewe umerudia neno lilelile. Mbinu hii ya sentensi kutojali mwisho wa besi ndiyo mfupa tulioutoa kwa Purcell. Sauti yenyewe ni yetu.

Kuna mahali pamoja tu ambapo hesabu inauma. Katika kipimo cha 14, fa yako itagonga fi ya besi, na mgongano huo hausikiki kama ladha, unasikika kama kosa. Hapo, na hapo tu, piga fi badala ya fa, ambayo kwa tarumbeta ni B badala ya B flat. Itie alama nyekundu kwenye karatasi.

Mruko kutoka re hadi do ni wa hatua saba, na ndio pumzi ya kipande chote. Usiurushe kwa nguvu za midomo. Ufanyie mazoezi kwa kipulizio peke yake, ukiteleza kutoka chini kwenda juu kama king'ora, kisha urudishe tarumbeta na uucheze kwa sauti ndogo kuliko unavyodhani inafaa. Mpulizaji aliyekulia kwenye magari ya harusi ana mazoea ya kupaza kila nota ya juu, kwa sababu nzuri tu ya kushindana na honi za bajaji, lakini hapa nota ya juu inatakiwa iwe laini kuliko ile iliyoitangulia.

Kile kipimo cha kimya nacho usikijaze. Midomo inakihitaji ili damu irudi, na mpiga kinanda atajibu hapo kwa nota mbili tatu. Watu wa kwaya wanaijua desturi hii ya kuitikiana, hivyo huna haja ya kuwaeleza mengi.

Kizibo

Raundi ya kwanza ya sauti kuu ipigwe kwa kizibo, yaani kifaa kinachowekwa kwenye mdomo mpana wa tarumbeta ili kubadilisha sauti. Kile cha chuma chenye mrija katikati, mrija ukiwa umeondolewa, ndicho kilichompa Miles Davis ile sauti nyembamba ya karibu na sikio. Si rahisi kukipata kwetu. Kichwa cha mpira cha kile kizibuo cha fundi bomba, kikiwa kipya bila shaka, hufanya kazi nyingine nzuri: ukikishika kwa mkono wa kushoto mbele ya mdomo mpana wa tarumbeta na kukifungua na kukifunga, sauti inatamka kama mtu. Wapulizaji wa Marekani wamekitumia hivyo kwa karibu karne nzima. Kumbuka tu kwamba kizibo hubadilisha usawa wa sauti, kwa hiyo jipime na kinanda ukiwa umekivaa.

Kuupanga muziki wote

Mwendo uwe mapigo 72 kwa dakika. Mzunguko mmoja wa besi utachukua karibu sekunde 17. Anza na besi peke yake mizunguko miwili, bila dramu. Kisha sauti kuu vipimo 20, tarumbeta na besi na kinanda, dramu zikiingia kwa brashi kuanzia kipimo cha 11. Baadaye mizunguko minane ya kubuni papo hapo, ambayo ni zaidi kidogo ya dakika mbili. Halafu chemko.

Najua chemko haimo katika muziki wa Purcell wala katika jazz ya Marekani. Imo katika dansi yetu, ambamo wimbo huanza kwa utulivu na kuishia kwa magitaa kuchangamka, na sioni sababu ya mtunzi wa Tabora kuiacha nyumbani. Mwendo urukie mapigo 144, besi ileile iende mizunguko minane, gitaa la rizimu liingie, na tarumbeta na saksafoni zishike kipande kifupi cha mi, re, mi wakikirudia pamoja. Onyo moja: mpiga gitaa wa dansi atataka kukamilisha vipimo vinne vinne, na vidole vyake vitamvuta huko hata akiwa amekubali kwa mdomo. Mpe mazoezi ya wiki nzima na besi peke yake.

Mwisho, mwendo ukirudi 72, piga sentensi mara mbili tu juu ya mizunguko miwili ya besi. Sentensi zitakwisha kipimo cha nane na besi itaendelea vipimo viwili peke yake. Jumla ni takriban dakika tano na nusu.

Kubuni papo hapo

Watunzi wengi wa zama za Haydn walimwachia mpulizaji mahali pa kubuni peke yake karibu na mwisho wa sehemu, kwa hiyo tusidhani ubunifu ni wa jazz tu na klasiki ni ya karatasi tu. Wynton Marsalis, mpiga tarumbeta wa Marekani aliyeshinda tuzo za Grammy za jazz na za klasiki mwaka mmoja, 1984, alizishinda kwa tarumbeta na kwa vidole vilevile.

Katika mizunguko minane gawa kazi hivi. Miwili ya kwanza tumia mi na nota zinazoizunguka tu. Mitatu inayofuata fuata nota zinazobadilika: C sharp ya tarumbeta katika kipimo cha pili inakuwa C katika cha tatu, na B ya mwanzo wa kipimo cha nne inakuwa B flat katikati yake. Ukizigusa nota hizo nne kwa wakati wake, msikilizaji atasikia kodi hata kinanda kikinyamaza. Mzunguko wa sita na wa saba panda juu uwezavyo bila kukaza shingo. Wa nane mwachie mpiga besi.

Mazoezi na kurekodi

Katika joto la Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza, tarumbeta hupanda sauti kwa sababu hewa ndani ya bomba ikipata joto mlio hupanda. Piga dakika kumi kwanza, ndipo ujipime na kinanda, na uwe tayari kuvuta nje mrija mkuu kuliko ulivyouvuta asubuhi. Mafuta ya vali yasikosekane, maana vumbi la kiangazi cha Tabora huingia kila mahali.

Kwa kuandika karatasi, programu ya bure ya MuseScore inakuhamishia ufunguo yenyewe, ila hakikisha umechagua tarumbeta la B flat kabla ya kuanza. Kwa kurekodi, simu inatosha kwa jaribio. Usiielekeze kwenye mdomo wa tarumbeta. Iweke hatua tatu hivi kando yako, karibu zaidi na kinanda na besi, kwa kuwa tarumbeta litasikika hata ukiligeuzia ukutani. Chini ya mwembe uani sauti hukauka vizuri kuliko katika chumba cha bati, na garimoshi likipita itabidi mrudie kuanzia kipimo cha kwanza.